Dirisha Linalotazama Ukuta

Ukitaka kujua mtu wa Pipeline anaishi upande gani wa ploti, usimuulize nambari ya mlango. Muulize tokeni ya stima humkalia siku ngapi. Mwenye chumba cha mbele, kinachotazama barabara, huwasha taa jioni kama watu wengine wa Nairobi. Mwenye chumba cha ndani huiwasha akiamka na kuizima akilala, na katikati hapo, jua la ikweta likichoma paa la jengo lake mwenyewe, yeye huchambua mchele chini ya balbu.

Pipeline ni mtaa wa Embakasi, mashariki mwa jiji. Anayeutazama kwa mbali huona ghorofa saba, nane, na zaidi, zimejengwa ukuta kwa ukuta bila lifti, nguo zimeanikwa kila balkoni, na anaweza kudhani hakuna mahali penye madirisha mengi kama hapo. Madirisha yapo. Shida ni yanakotazama. Ploti ya kawaida ina korido katikati ya kila ghorofa na vyumba vya futi kumi kwa kumi huku na huku. Ili mwenye ploti apate safu moja zaidi ya vyumba, safu ya ndani huachiwa uwazi mwembamba unaoshuka kutoka paani hadi chini. Sisi wapangaji tuliuita shimo. Dirisha langu la ghorofa ya kwanza lilifunguka humo. Ningenyoosha fimbo ya ufagio ningegonga dirisha la jirani, na tuliwahi kupeana kiberiti kwa njia hiyo bila mtu kutoka chumbani mwake.

Macho huzoea giza haraka. Kisichozoea ni saa. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na Nairobi, iliyo digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, hesabu hiyo haina wasiwasi: mchana una saa kumi na mbili na dakika chache, Januari hadi Desemba. Saa nne ina mwanga wake, saa tisa ina wake. Ndani ya chumba kile saa zote zilikuwa na rangi ya balbu. Nikiamka Jumamosi nilitega sikio kwanza. Mama mboga akiwa amefungua kibanda, kumekucha. Watoto wakikimbizana koridoni, asubuhi imeshakomaa. Harufu ya vitunguu ikipanda shimoni, watu wanapika, lakini ni chakula cha mchana au cha jioni? Hapo ndipo nilipotafuta simu.

Nilikuwa nalala vibaya na kuamka nimechoka, nikalaumu kazi. Baadaye nilisoma kwamba jicho lina chembe ambazo hazina shughuli kubwa na kuona. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba kumekucha, ili mwili uweke sawa usingizi, joto na njaa. Wanasayansi walizitambua mwanzoni mwa karne hii, na uchunguzi wa namna saa ya mwili inavyofanya kazi uliwapa Wamarekani watatu Tuzo ya Nobeli mwaka 2017. Chembe hizo hutaka mwanga mwingi. Nje, hata siku ya mawingu, mwanga hufika maelfu ya luksi, na jua likiwa wazi hufika laki moja. Chumba cha balbu moja hakifiki hata mia mbili. Balbu hukuonyesha sufuria. Kuuambia mwili kwamba ni mchana, haiwezi.

Kuna mengine niliyoyajua tangu shuleni bila kuyahusisha na kodi ya nyumba. Viini vya kifua kikuu, ambavyo Robert Koch alivitangaza mwaka 1882, hufa vikipigwa na jua, na hudumu katika chumba kisicho na jua wala hewa. Mengine niliyasoma baadaye: jaribio lililofanywa katika shule za Guangzhou, China, na kutangazwa mwaka 2015, lilionyesha kwamba watoto walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walipungua kupata tatizo la kutoona mbali. Katika ploti yetu watoto walifanyia kazi za shule kwenye ngazi, pale kwenye kituo kati ya ghorofa na ghorofa, kwa sababu ukuta wa ngazi ulikuwa na matundu ya kupitisha mwanga. Wapangaji waliorudi na mitungi ya maji waliwaruka. Sikumsikia hata mmoja akiwagombeza.

Mwanamke aliyekaa chini kabisa, katika chumba kilichopakana na sakafu ya shimo, alikuwa akifulia watu nguo. Siku moja ya Septemba aliniita nikipita. “Mwanangu, njoo uone mgeni wangu.” Nikaingia. Juu ya sakafu ya shimo, kati ya maganda ya viazi na chupa zilizodondoka kutoka juu, palikuwa na mraba wa jua. Jua lenyewe, si mwanga wa kupapasa ukutani. Alikuwa ametandaza blanketi la mjukuu hapo na kulisimamia kama muuzaji sokoni. Hata dakika ishirini hazikwisha, mraba ukapanda ukuta ukapotea. Akaniambia atarudi kesho saa sita na nusu, na keshokutwa, halafu basi mpaka Machi, “na Machi mara nyingi mvua humzuia njiani.”

Hakuwa na kalenda wala hakuhitaji. Nilipokaa kuhesabu nikaona kila alichosema ni sahihi. Nairobi jua hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, katikati ya Machi likielekea kaskazini na mwishoni mwa Septemba likirudi kusini. Siku nyingine zote hupita likiwa limeinama kidogo upande mmoja. Shimo la upana wa mita moja na nusu na kina cha mita 24 haliruhusu mwinamo hata wa digrii nne, kwa hiyo jua hufika chini siku chache kila msimu, kwa robo saa hivi. Eratosthenes, mtaalamu aliyeishi Alexandria karne ya tatu kabla ya Kristo, alipima mzingo wa dunia nzima kwa habari ya namna hiyohiyo: kwamba kule Aswan, mchana wa siku ndefu kuliko zote, jua huonekana chini ya kisima. Yeye habari ya kisima ilimpa sifa inayodumu hadi leo. Mama yule ilimpa blanketi kavu.

Nikamwuliza kwa nini asihamie juu. Alicheka. Maji hayapandi, goti halipandi, na nguo za watu huzipandisha paani yeye mwenyewe kila siku. “Jua nalifuata, mwanangu. Halinijui mimi ninakaa wapi.” Kila asubuhi, akishamaliza kuloweka nguo, alitoa kigoda akaketi kando ya barabara akiwa na chai yake, mgongo kwenye jua, matatu zikipiga honi mbele ya miguu yake. Niliyachukulia hayo kuwa mazoea ya mtu mzima. Sasa nadhani alikuwa anakunywa dawa, na kati yetu sote yeye peke yake aliyajua masharti yake: ukiishi mahali ambapo kitu cha lazima hakifiki, huwezi kukingoja kwa heshima. Lazima ukiwekee saa, uinuke, ukitafute, hata watu wakuone mvivu.

Lakini sitaki kuishia kwenye kumsifu maskini kwa uvumilivu wake. Tunapenda sana sifa hizo, kwa sababu hazigharimu. Shimo lile halikuletwa na ardhi wala hali ya hewa. Lilichorwa na mtu, au lilijengwa na mtu ambaye hakuona haja ya kuchora, na lina historia ndefu kuliko Nairobi yenyewe.

New York ilikuwa nalo. Katika karne ya kumi na tisa, majumba ya kupangisha ya Manhattan yalijaa vyumba vya ndani visivyo na dirisha lolote. Jacob Riis, mwandishi aliyetoa kitabu chake maarufu kuhusu majumba hayo mwaka 1890, alipotaka kuwaonyesha wenye nafasi jinsi wenzao wanavyoishi, ilimbidi atumie unga wa magnesiamu unaolipuka kwa mwako, maana kamera haikuona kitu. Sheria ya mwaka 1879 iliamuru kila chumba cha kulala kiwe na dirisha. Wajenzi wakatii. Walibana kiuno cha jengo katikati kidogo tu, likiungana na la jirani likaacha shimo jembamba, na madirisha yote yaliyotakiwa yakafunguliwa humo. Sheria ikatimia kwa kila herufi. Wapangaji wakapata dirisha linalotazama dirisha, taka zikatupwa shimoni, na moto ulipozuka shimo likawa bomba la kuupandisha hadi ghorofa ya juu. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini, hadi 1901, kupata sheria iliyotaka ua wa kweli.

Berlin ilikuwa na la kwake. Kanuni zake za ujenzi za mwaka 1853 zilitaka ua wa ndani usipungue mita 5.34 kila upande, na kipimo hicho hakikutokana na mtoto anayehitaji jua. Kilitokana na nafasi ambayo gari la zimamoto lilihitaji kugeukia. Marie Huchzermeyer, mtafiti wa miji wa Afrika Kusini, aliyaweka majumba hayo ya Berlin kando ya yale ya Nairobi katika kitabu kizima mwaka 2011, na ukikisoma ukiwa umekaa Pipeline unajisikia kama mtu aliyefunguliwa faili lake hospitalini.

Kinachonikaa moyoni katika habari hizo ni ule utii. Wajenzi wa New York hawakuvunja sheria. Waliambiwa dirisha, wakaleta dirisha. Mwenye ploti yetu naye, ungemshitaki, angekuonyesha fremu, kioo, hata kitasa. Tangu nihame pale nimekuwa nikiona madirisha ya aina hiyo kila mahali. Katiba yetu ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Watu hukusanywa ukumbini, hutia saini kwenye daftari, hupewa soda, na uamuzi unakuwa ulishafanywa wiki iliyopita. Bosi mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na sanduku la maoni lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ulikuwa umepotea kabla sijaajiriwa. Hata nyumbani yapo. Nampigia mama simu Jumapili, namwuliza amelalaje, mvua imenyesha, ng'ombe anakamuliwa. Ananijibu, naye ananiuliza kazi, baridi, nauli. Dakika nne. Ukiuliza kama ninampigia, ndiyo, ninampigia kila Jumapili.

Waliojenga mji wa kale wa Lamu walijua kwamba dirisha na mwanga ni vitu viwili. Nyumba zao za mawe hazina madirisha ya maana upande wa mtaani, na mitaa ni miembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Kwa hesabu ya leo ni mtaa wa giza. Ila unapovuka daka na tekani, yaani baraza ya mlangoni na ukumbi wa kuingilia, unatokea kiwanda, ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu, na mwanga wote wa nyumba hugawiwa kutoka hapo. Huingia misana kwanza, chumba kimoja nyuma ya kingine, ukipungua kila hatua hadi ndani, ambako ni kwa faragha na kwa kulala. Vyumba ni vyembamba, maana upana wao uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, mita mbili na nusu hivi hadi tatu, na kuta zimepigwa chokaa nyeupe na kuchongwa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na mwanga mchache hurukaruka humo kabla ya kufa. Giza la ndani lilikuwa la kuchagua. Mwenye nyumba alijua limeanzia wapi, na alijua njia ya hatua chache ya kutoka. Siwezi kulilinganisha na giza la mtu aliyewekewa ghorofa saba kichwani na watu asiowajua.

(Nyumba hizo zilikuwa za wenye mali, nalijua hilo, na waliowatumikia hawakulala penye chokaa. Sisemi turudi huko.)

Kanuni iliyonifurahisha kuliko zote nimeikuta katika Majalla, mkusanyiko wa sheria ambao dola ya Uthmaniya ilianza kuutoa mwaka 1869. Kifungu cha 1201 kinasema kumzibia jirani upepo, mandhari au jua si dhara kubwa la kumfanya aende mahakamani. Kumzibia mwanga kabisa ni dhara kubwa. Na mpaka ni upi? Chumba kina dirisha moja, umejenga ukaliziba, na sasa mtu hawezi kusoma maandishi kwa sababu ya giza: hapo umedhuru. Kisha wanazuoni wale, ni kama waliwahi kupanga Embakasi, wakaongeza kwamba huwezi kujitetea kwa kusema apate mwanga wa mlangoni, kwa kuwa mlango huhitaji kufungwa, kwa baridi na sababu nyingine. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Ploti nzima tuliishi milango wazi, pazia likipepea, mambo ya kila mtu yakijulikana na kila mtu, na tuliita huo ujirani mwema. Ulikuwa ujirani mwema. Ulikuwa pia uhaba wa mwanga.

Waingereza nao, kwa sheria ya 1832, wanalipa haki dirisha lililopokea mwanga kwa miaka 20 mfululizo. Kipimo cha Majalla nakipenda zaidi. Hakiulizi umri wa dirisha wala upana wake. Kinauliza kama unaweza kusoma.

Nilipopata uwezo nilihamia jengo jingine, ghorofa ya nne, dirisha likitazama mashariki juu ya kiwanja kitupu. Miezi ya kwanza niliamka na jua usoni nikalikaribisha. Halafu wakaja mafundi wa mjengo, wakachimba, wakamwaga zege, na kila slabu mpya ilipopigwa nilijua siku zangu. Jengo la mita 24 hutupa kivuli cha mita 40 na zaidi saa mbili na nusu asubuhi. Kati yangu na lile hapakuwa na mita kumi. Walipomaliza ghorofa ya tano, jua langu la asubuhi likawa la saa nne.

Nilimkasirikia mtu nisiyemjua, kwa muda mrefu kiasi. Halafu siku moja nikiwa paani naanika nguo nikachungulia upande wa magharibi, ambao sikuwa na sababu ya kuutazama. Nyuma ya jengo letu kulikuwa na nyumba za mabati, na kijishamba cha sukuma wiki kilichokuwa kimejikunja pembeni kabisa ya ua, mahali pekee ambapo kivuli chetu kilikuwa kimeshaondoka saa hiyo. Jua nililokuwa nikilidai lilikuwa limepitia kwa wale kwanza. Jengo ninamokaa lililisimamisha njiani miaka kadhaa kabla sijaweka godoro langu. Hakuna aliyeandika hayo katika hati ya ardhi ya mtu yeyote. Katika jiji la namna hii hakuna anayepanda bila kumfunika wa chini, na mimi ninayelipa kodi ya ghorofa ya nne ninalipia pia kivuli, kiwe kimetajwa kwenye risiti au hakikutajwa. Nimeanza kuuliza swali hilo hata nje ya mambo ya nyumba: cheo hiki kipya, mkopo huu, sauti yangu kubwa mkutanini, kivuli chake kinaangukia nani saa mbili na nusu?

Watu wenye shida hii wana ufundi wao. Katika ploti moja ninayoijua, wapangaji walichangishana wakapaka kuta za shimo chokaa nyeupe kutoka juu hadi chini, na vyumba vya ghorofa za kati vikapata nafuu inayoonekana. Mwingine alining'iniza kioo cha kabati dirishani, akaulekeza mwanga wa juu chumbani kwake, na jirani wa upande wa pili akalalamika kwamba unampiga machoni. Ile chupa ya maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, aliyoibuni fundi Mbrazili Alfredo Moser mwaka 2002, hutundikwa kwenye tundu la bati na kumwaga mwanga chumbani bila stima. Ni uvumbuzi mzuri kwa nyumba ya mabati. Kwa mtu wa ghorofa ya kwanza, mwenye dari sita juu yake, haisaidii kitu.

Mimi nimebakiwa na desturi moja. Ninapotafuta nyumba huenda saa sita mchana na gazeti kwapani. Namwomba keateka azime taa, afunge mlango, halafu nasimama katikati ya chumba nijaribu kusoma. Si vichwa vya habari, bali ukurasa wa matangazo ya vifo wenye maandishi madogo. Juzi mmoja alivumilia aya mbili, mkono wake ukiwa kwenye swichi.

“Dada, nyumba unachukua ama gazeti?”

Nikamwambia asubiri, sijafika kwa aliowaacha marehemu.

“Basi hamia ya juu,” akasema, “lakini ile imezidi elfu tatu.”

“Ya nini?”

Akatazama dari, akatazama mlango, akawasha taa. “Wewe mwenyewe umekuja na gazeti.”